Mzigo Uende, Orodha Ibaki

Kabla reli haijafika Kisumu, meli ilikuwa imeshafika. Ilifika vichwani na mabegani mwa watu.

SS William Mackinnon iliundwa na kampuni ya Bow, McLachlan mjini Paisley, Scotland. Mafundi waliiunganisha nzima kwa bolti palepale kiwandani, wakapiga nambari kwenye vipande vyake, kisha wakaifungua tena. Mamia ya vipande hivyo vikavuka bahari hadi Mombasa, vikapanda gari moshi hadi pale reli ilipokuwa imekomea, na kuanzia hapo wapagazi wakajitwika. Huku ziwani meli ikasukwa upya na kushushwa majini Juni 1900. Reli yenyewe ilifika Port Florence, ndiyo Kisumu yetu ya leo, tarehe 20 Desemba 1901.

Watu wakisimulia habari hii husifu urefu wa safari. Mimi huvutiwa na zile nambari. Mfikirie fundi amesimama ufuoni mbele ya lundo la vyuma. Kwa macho matupu hawezi kujua kama bamba moja limebaki njiani. Lundo ni lundo. Kinachomwokoa ni orodha iliyopangwa kule Paisley meli ikiwa bado nzima. Anashika orodha, anaita nambari, anatia alama. Na orodha hiyo ina thamani kwa sababu mbili: ilitengenezwa kabla ya safari, na aliyeitengeneza si yule aliyebeba mzigo.

Nimeanza na meli kwa sababu swali langu ni dogo na watu wengi hudhani ni la mafundi wa kompyuta peke yao. Ukihamisha faili kutoka kompyuta moja hadi diski nyingine, utajuaje kwamba kilichofika ndicho kilichoondoka? Mtu anayetumia Linux atakujibu kwa amri mbili tatu, na nitazieleza. Ila swali lenyewe ni kongwe kuliko kompyuta, na mji huu uliozaliwa kwa kushusha mzigo garini na kuupakia melini umeishi nalo tangu siku ya kwanza. Hapa kwetu, kila mara jibu limetegemea mtu aliyebaki na orodha mkononi.

*

Reli ilikuja na waya wa telegramu. Makarani wa waya, hapa na kwingineko duniani, walikuwa na kanuni moja nyepesi sana: juu ya kila ujumbe iliandikwa idadi ya maneno yaliyomo. Aliyepokea alihesabu. Kama kichwani imeandikwa 14 na yeye amepata 13, alimwomba mwenzake arudie. Huo ulikuwa uhakiki wa nakala, miaka mingi kabla ya mtu yeyote kutamka neno kompyuta.

Udhaifu wake unauona mara moja. “Njoo leo” ni maneno mawili. “Njoo kesho” pia ni maneno mawili. Hesabu inakubali, na mgeni anafika siku msiba umeshazikwa. Kuhesabu kunagundua kilichopotea, hakugundui kilichobadilishwa. Tukishike hicho, tutakihitaji baadaye.

Kisha kikaja kipande. Sheria ya kuwasajili wanaume Waafrika ilipitishwa mwaka 1915 na kuanza kutekelezwa vita vilipokwisha, kati ya 1919 na 1920. Mwanaume aliyetoka Nyanza kwenda kutafuta kazi kwenye mashamba ya walowezi alivaa shingoni kikebe cha chuma, ndani yake karatasi yenye jina, kabila, maandishi ya waajiri wake na alama za vidole. Mantiki yake ni ileile ya nambari za meli: alama fupi isiyoweza kufanana na ya mtu mwingine inasimama badala ya mtu mzima. Huhitaji kumjua mtu. Linganisha kidole na karatasi, basi.

Tofauti ilikuwa kwa mwenye orodha. Mwanaume alibeba karatasi, serikali ikabaki na daftari. Mwajiri akiandika uongo juu yako kwenye kipande, ulitembea na uongo huo shingoni bila namna ya kuupinga. Tarehe 23 Desemba 1921 watu walipokutanika Lundha, Gem, katika mkutano ambao vuguvugu lake lilikuja kuitwa Piny Owacho, yaani nchi imesema, kuondolewa kwa kipande kulikuwa miongoni mwa madai yao. Walishakielewa kitu ambacho mwanafunzi wa kompyuta huchukua muda kukiona: kipimo kinachoshikwa na upande mmoja peke yake ni rungu.

*

Serikali ile ile ilipenda karatasi kupita kiasi. Barua iliyotoka kwa mkuu wa wilaya kwenda kwa mkuu wa mkoa hapa Kisumu, na kutoka Kisumu kwenda Nairobi, ilichapwa pamoja na nakala zake za karatasi ya kaboni. Moja ilisafiri, nyingine ilibaki kwenye jalada. Lilikuwa jambo la kawaida la ofisi, hakuna aliyelifikiria kama historia.

Mwaka 1939 jengo la Sekretarieti jijini Nairobi liliungua na rekodi nyingi za serikali kuu zikateketea. Ghafla nakala za mikoani zikapanda cheo. Karatasi nyembamba ya kaboni iliyobaki Kisumu, herufi zake zimefifia kama moshi, ndiyo ikawa asili, kwa kuwa dada yake wa Nairobi alikuwa jivu. Hilo ni jema kwa mtafiti, ila lina gharama yake. Nakala iliyobaki peke yake haina cha kulinganishwa nacho. Kama karani aliruka mstari siku ile, mstari huo umekwenda na hatutajua kamwe kwamba uliwahi kuwepo.

Mbaya zaidi ni yale yaliyofanywa kwa kukusudia. Uhuru ulipokaribia, kuanzia 1961, maofisa wa kikoloni waliagizwa kutenga majalada ambayo yangeweza kuiaibisha Uingereza yakiangukia mikononi mwa serikali mpya. Mengine yalichomwa. Maagizo ya Kenya yaliruhusu hata nyaraka kutiwa kwenye masanduku yenye uzito na kuzamishwa kwenye maji yenye kina kirefu, mbali na pwani. Mengine yalisafirishwa Uingereza kimyakimya. Serikali ya London ilikuja kukiri mwaka 2011 kwamba inayo, kwenye jumba la Hanslope Park, na ilikiri kwa sababu wazee wa Mau Mau walikuwa wameipeleka mahakamani.

Katika maagizo hayo kuna kipengele kimoja ambacho mimi hukirudia kila ninapofundisha vijana kazi hii. Jalada la siri likitolewa katikati ya majalada ya kawaida, lingeacha pengo, na pengo lingezua maswali. Kwa hiyo maofisa waliambiwa watengeneze jalada pacha, la kughushi, waliweke mahali pake. Angalia ujanja huo. Anayehesabu majalada anakuta idadi kamili. Anayesoma majina kwenye majalada anakuta yote yapo. Hesabu ya karani wa waya haisaidii kitu hapa. Kitu pekee ambacho kingefichua pacha ni alama ya lile jalada la kwanza, iliyochukuliwa mapema na kuwekwa na mtu mwingine mahali pengine. Hakuna aliyekuwa nayo.

Katika miaka hiyo ya 1960, Chuo Kikuu cha Syracuse cha Marekani kilinunua nakala za rekodi za Kenya kwenye filamu ndogo, barua na ripoti za Nyanza zikiwemo. Kwa hiyo leo mtu anaweza kusoma mambo ya Kisumu akiwa jimbo la New York bila kukanyaga Kenya. Filamu hizo zimeokoa mengi. Lakini filamu ni picha ya ukurasa uliokuwa mbele ya kamera. Kurasa mbili zikishikana, kamera haisemi.

*

Sasa tuje kwenye kompyuta, ndiko ninakopatia unga wangu. Kazi yangu hapa Kisumu ni kunakili kumbukumbu za watu: kanda za sauti, daftari za vikundi vya akina mama, picha za harusi na za matanga. Vingi vinaletwa kwangu vikiwa vimeshanakiliwa na mtu mwingine, na ndipo shida huanzia.

Kuna jaduong’ mmoja kutoka Seme aliniletea flashi. Kijana wake alikuwa amehamishia humo sauti za marehemu mjomba wao akipiga nyatiti, rekodi zaidi ya arobaini, kisha akauza ile laptopu. Tulifungua flashi pamoja. Majina yote yalikuwepo. Ukubwa wa kila faili ulionekana sawasawa. Tukacheza ya kwanza, nyatiti ikalia vizuri, mzee akatabasamu. Tulipofika ya kumi na mbili, kimya. Ya kumi na tatu, kimya. Mpaka mwisho.

“Nyathina, majina si haya hapa?” akaniuliza.

“Majina yapo, Jaduong’. Sauti ndizo hazipo.”

Flashi ile ilikuwa ya kughushi. Ziko nyingi sokoni: zimeandikwa gigabaiti 128 kwa nje, na ndani zina uwezo wa 8 tu. Chombo kama hicho kimefundishwa kuidanganya kompyuta. Kinapokea kila unachokiletea, kinaandika jina na ukubwa kwenye fihirisi yake, na yaliyomo kinayamwaga hewani. Mama anayenunua omena kule Dunga au Kibuye anaujua mchezo huu vizuri kabisa. Gorogoro ikiwa imegongwa kitako ikaingia ndani, kwa juu itajaa na kufurika, na bado umepunjwa. Ndiyo maana mama mwenye akili huingiza mkono mpaka chini kabla hajatoa pesa.

Kwenye Linux, kuangalia majina na ukubwa ni kutazama gorogoro kwa juu. Amri ya kunakili, cp, yenyewe huandika na kunyamaza. Haitarudi kusoma ilichoandika. Hata rsync, programu nzuri iliyotangazwa mwaka 1996 na Andrew Tridgell na Paul Mackerras kule Australia ili kuoanisha faili kupitia mitandao ya polepole, ikiachwa na mazoea yake huamua kwamba faili ambayo tayari ipo pande zote mbili haina haja ya kunakiliwa tena kwa kutazama ukubwa na saa tu. Ukitaka ilinganishe yaliyomo, sharti uiambie kwa kuongeza -c.

Njia kongwe ya kuingiza mkono mpaka chini ni cmp. Imekuwepo tangu toleo la kwanza la Unix la mwaka 1971, babu wa Linux. Inachukua faili mbili na kuzisoma baiti kwa baiti, sambamba, na zikitofautiana inakuambia ni wapi. Zikifanana, haisemi neno, na ukimya wake ndio jibu. Mwenzake, diff -r, anaweza kupitia folda mbili nzima, na atakutajia pia faili iliyopo upande mmoja na kukosekana upande wa pili. Hizi zinatosha kama asili na nakala ziko mezani kwako kwa wakati mmoja.

Mara nyingi haziko. Asili iko Usenge, nakala iko Kisumu, nyingine imetumwa kwa binti aliyeko Leeds. Hapo ndipo inapohitajika alama ya kidole, na kompyuta inayo yake. Wataalamu huiita hashi. Unaipa programu faili yoyote, iwe barua ya mstari mmoja au filamu ya saa mbili, nayo inaisaga kwa hesabu na kukurudishia mfuatano wa urefu uleule kila mara. Hashi ya aina ya SHA-256, iliyotangazwa na taasisi ya viwango ya Marekani mwaka 2001, huandikwa kwa herufi na tarakimu 64. Badilisha nukta moja ndani ya faili, “leo” iwe “kesho”, na mfuatano wote unabadilika usiutambue tena. Karani wa waya angeipenda sana.

Mimi hufanya hivi. Naingia kwenye folda ya asili, kabla mzigo haujaguswa na mtu, naandika:

find . -type f -exec sha256sum {} + > ~/orodha.txt

Hiyo ndiyo orodha ya Paisley. Kila faili ina mstari wake: alama, kisha jina. Baada ya kunakili, natoa diski kwa njia ya kawaida, naichomoa kabisa, naichomeka tena. Usiruke hatua hii. Linux ina tabia ya kuyahifadhi kwenye kumbukumbu yake ya muda yale iliyotoka kuandika, na ukihakiki papo hapo huenda ikakusomea yale yaliyo kichwani mwake badala ya yaliyo kwenye diski. Ni kama kumuuliza mpagazi kama mzigo umefika. Diski ikirudi, naingia kwenye folda ya nakala na kuandika:

sha256sum -c --quiet ~/orodha.txt

Kama kila kitu kimefika, hutaona kitu. Kama kuna faili iliyoharibika au kukosekana, itatajwa kwa jina. Flashi ya yule mzee, kama mwanawe angetengeneza orodha kabla ya kunakili na kuihakiki kabla ya kuuza laptopu, ingefichuliwa kwa muda wa kuchemsha chai. Mali bila daftari hupotea bila habari, walisema wahenga, na hawakuwa wakizungumzia kompyuta.

Lakini hata kipimo huzeeka. MD5, hashi iliyobuniwa na Ron Rivest mwaka 1991, ilitumika kila mahali hadi 2004, Wang Xiaoyun na wenzake wa China walipoonyesha kwamba mtu anaweza kutengeneza faili mbili tofauti zenye alama moja. SHA-1 iliyoifuata ilivunjwa hadharani Februari 2017 na watafiti wa Google na taasisi ya CWI ya Amsterdam: walitoa nyaraka mbili za PDF, zisizofanana kwa macho, zenye hashi ileile. Jalada pacha lilikuwa limerudi, safari hii kwa hesabu. MD5 bado inafaa kugundua diski mbovu, maana diski mbovu haina hila. Penye mtu anayeweza kuwa na hila, tumia SHA-256.

*

Mwaka huohuo wa 2017, swali la nakala na asili liliacha kuwa la mafundi hapa Kisumu.

Msingi wa uchaguzi wa urais Kenya ni Fomu 34A. Kura zikishahesabiwa kituoni, msimamizi anaijaza, mawakala wanatia sahihi, nakala inabandikwa mahali pa wazi kituoni. Picha yake inatumwa kwa kifaa cha elektroniki, na karatasi yenyewe inasafiri. Kwa hiyo tangu usiku wa kwanza kuna nakala kadhaa za ukweli mmoja, na kila moja imeshika njia yake.

Uchaguzi ulifanyika tarehe 8 Agosti na matokeo kutangazwa tarehe 11. Usiku huo na siku zilizofuata polisi waliingia mitaani Kisumu. Huko Nyalenda mtoto wa miezi sita alipigwa akiwa nyumbani kwao, akafa siku chache baadaye. Nalitaja hili ili msomaji wa mbali asidhani kwamba mabishano juu ya fomu na sava yalikuwa mchezo wa mawakili. Watu walikuwa wanakufa, na kilichobishaniwa ni kama kilichofika Nairobi ndicho kilichoondoka kituoni.

Mahakama ya Juu iliamuru kompyuta za tume zifunguliwe zikaguliwe. Hazikufunguliwa kama ilivyoamriwa. Ukaguzi wa karatasi ulikuta baadhi ya fomu hazina alama za usalama zilizotarajiwa. Fomu 34C, ile iliyobeba jumla ya nchi nzima, haikuwa na alama ya maji wala nambari ya mfululizo. Ilikuwa imegongwa muhuri wa kuthibitisha kwamba ni nakala halisi ya asili. Tarehe 1 Septemba 2017, majaji 4 dhidi ya 2 walifuta uchaguzi. Uchaguzi wa urais ulikuwa haujawahi kufutwa na mahakama barani Afrika. Ukiuchambua uamuzi ule, sehemu kubwa yake ni kanuni ya fundi wa meli: ukikataa kuonyesha orodha, hatuwezi kupokea mzigo kwa neno lako.

Mwaka 2022 mambo yalipangwa vingine. Vituo vilikuwa 46,229, na picha za Fomu 34A ziliwekwa kwenye tovuti iliyo wazi kwa kila mtu. Vijana kwenye vibanda vya intaneti vya Kondele walizipakua na kujumlisha wenyewe kwenye simu. Kesi ilipofika mahakamani, ilidaiwa kwamba fomu zilikuwa zimeingiliwa na kubadilishwa njiani kabla ya kufika tovutini. Hilo ni dai linaloweza kupimwa, kwa sababu karatasi zilikuwepo na picha zilikuwepo. Ukaguzi ulisimamiwa na msajili wa mahakama, na haukukuta tofauti za maana kati ya fomu za tovutini na karatasi zilizopelekwa Bomas. Tarehe 5 Septemba 2022 majaji wote 7 waliitupa kesi.

Huku ufuoni wengi hawakuupokea uamuzi ule, na mabishano yake hayajaisha hata leo kwenye vijiwe. Sitayamaliza mimi. Ninachoweza kusema, kama mtu wa kunakili, ni kile ambacho kipimo kile kilipima. Kulinganisha picha na karatasi kunakuambia kama kilichofika kinafanana na kilichoandikwa. Hakukuambii kama kilichoandikwa kilikuwa kweli. Msimamizi akijaza uongo kituoni, nakala yake itafika salama, na alama zitalingana herufi kwa herufi. sha256sum itahakiki uongo kwa uaminifu uleule inaohakiki nao ukweli. Ukweli wa fomu ulindwe na macho ya mawakala pale kituoni, taa ikiwa imewashwa, kabla karatasi haijakunjwa. Baada ya hapo kinachobaki ni kulinda safari.

Na bado, kulinda safari si jambo dogo. Kati ya 2017 na 2022 mabishano yalihama. Mara ya kwanza hatukuruhusiwa kuona. Mara ya pili tuliona, tukabishana juu ya tulichokiona. Kijana wa Kondele aliyekuwa na nakala 46,000 kwenye laptopu yake alishika kitu ambacho mwanaume wa kipande hakuwahi kukishika.

*

Ndiyo maana nimebadilisha namna ya kuwarudishia watu kazi zao. Zamani mteja wa kazi hii alipewa diski tu. Siku hizi familia ikiniletea sanduku la picha au kanda, mambo ni matatu: nakala moja yao, nakala ya pili kwa ndugu anayeishi mji mwingine, na orodha.

Orodha inaweza kuwa ndefu, mistari elfu mbili, na hakuna mama wa Ahero atakayeisoma. Lakini orodha yenyewe ni faili, na kila faili ina alama. Nikiandika sha256sum orodha.txt napata mstari mmoja, herufi na tarakimu 64, unaobeba mkusanyiko wote. Mstari huo tunaunakili kwa kalamu kwenye daftari la nyumbani, lile lenye tarehe za kuzaliwa na za vifo, na mmoja wa wajukuu anaukagua mara mbili kwa sauti huku mwingine akifuata kwa kidole.

Siwaelezi hesabu zake. Nawaambia hivi: diski itakufa, mimi pia nitakufa, na duka hili huenda likawa la kuuza chipsi. Siku yoyote mtu akiwaletea nakala na kusema ndiyo ileile, msimwamini wala msimkatalie. Mpeni kijana yeyote mwenye Linux ile diski pamoja na orodha iliyo ndani yake. Kwanza alinganishe alama ya orodha na mstari wa daftari. Zikilingana, aihakiki kila faili kwa orodha hiyo. Kazi yake haizidi saa moja.

Bibi mmoja wa Nyahera, mstari wake ulipokwisha kuandikwa, aliuliza kama serikali inayo nakala ya namba hiyo. Nikamwambia haina, ni yake peke yake. Akalifunga daftari, akaliweka kwenye mkoba pamoja na kitambulisho chake, akaenda kutafuta matatu.